Septante ya Monsieur Gauthier

Kwenye kona yetu ya Kamalondo, mbele ya cherehani ya Idrissa, kuna benchi ambalo watu huja kuchoka pamoja, na kahawa yake ni ya bure ndiyo maana hatusemi ni mbaya. Jumapili hii aliyechoka zaidi alikuwa Gauthier, tunayemwita Monsieur kwa kuwa amezeekea mbele ya ubao. Shule mpya inayofuata programu ya Ufaransa imempa kazi, na jibu linatakiwa kesho. Sharti ni moja: aache septante na nonante, yaani sabini na tisini za Kifaransa walizotuachia Wabelgiji, afundishe soixante-dix, yaani sitini na kumi, na quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi.

— Septante, mutoto anaelewa mara moya, alisema. Sasa nimupe hesabu ndani ya hesabu?

Kabwe Shemino, mstaafu wa reli, alieleza kwamba Wafaransa walihesabu vidole vya mikono na miguu, vikiisha wanaita jirani, ndiyo maana themanini inataka watu wanne. Idrissa akauliza nani avue viatu kwa baridi ile. Kwake yeye walikuwa walevi, walipofika sitini wakasahau njia. Shemino akasema Wabelgiji walinyoosha hesabu kwa ajili ya treni. Tulicheka kivivu. Monsieur hakucheka.

— Ni Kilatini, septuaginta. Baitaliano banasema settanta, Bareno ya Angola setenta. Bafaransa njo balipotea. Septante iko yetu, siiachi.

Séphora, mpangaji mpya aliyefuata gauni lake, alikuwa amesimama anasikiliza.

— Papa Gauthier, ile yote iko ya bengine. Mama yako alikuwa anasema namna gani?

Idrissa akawahi: sabini. Shemino akamwambia hiyo ni ya Waarabu. Akajaribu yeye kwa Kibemba cha bibi yake, akafika kumi, akakwama. Tukamgeukia Monsieur, ambaye mama yake aliuza nyanya sokoni Sakania.

— Alikuwa anazihesabu kila asubuyi, miye pembeni yake, alisema taratibu. Sauti yake niko naisikia. Maneno, apana.

Akaweka kikombe chini. Akasema kesho ataenda kuikubali ile soixante-dix yao, kwa sababu haoni tena anacholinda.