Kasmiri Eliasi na Nyumba Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, mama zetu, majirani wa Korogwe ya Zamani na wageni mliotoka Handeni, familia imekubaliana kuwasomea maisha ya ndugu yetu Kasmiri Eliasi bila kupunguza kitu, kwa sababu yeye mwenyewe, siku nne kabla ya kufariki, alimwambia binti yake Hilaria, "Ile habari ya Kwa Sadala msiiruke," nasi hatukuona namna ya kumkatalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1937 katika kambi ya wakata mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe, mtoto wa pili wa mzee Eliasi, aliyeletwa na mkataba wa kazi kutoka Njombe, na mama Agripina. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, na huko alinakili picha za watakatifu ubaoni kwa chaki, vizuri kiasi kwamba wenzake waliona vibaya kuzifuta, lakini siku ya kuagana Mwalimu Jonathan alimwambia neno lililomkaa kifuani miaka mingi: "Mkono wako unatii kila unachokiona, Kasmiri, ila unachokitaka wewe bado sijakiona."

Mwaka 1954 aliajiriwa kuandika namba kwenye mabehewa ya mkonge, baadaye akawa fundi wa mabango ya maduka, na Desemba 1961 ndiye aliyepamba lango la sherehe za Uhuru, mwenge, simba na bendera, watu wakamsifu sana, lakini usiku ule alimwambia mama yake kwamba simba yule alimtoa kwenye pakiti ya kiberiti. Alijaribu kuchora mto Pangani, akajaribu mashamba ya mkonge, na kila alipomaliza aliona picha ya kalenda, akaipaka chokaa.

Tarehe 19 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Josefina, wakajaliwa watoto watatu, Hilaria mwaka 1964, Mikaeli 1967 na Lea 1971, na mwaka 1972 familia ilihamia Chanika, Handeni, ambako alifungua kibanda cha mabango.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, bwana mmoja wa operesheni alimpa kopo la rangi nyekundu na kumtuma akatie alama milango yote arobaini na moja ya kitongoji cha Kwa Sadala, nyuma ya Mkata. Alifika Jumatatu tarehe 12 Agosti, na kwa kuwa habari za vitongoji vya jirani zilikwisha kufika, akina mama walipoona kopo waliwaita watoto ndani, hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza, akapita mlango kwa mlango akisikia makomeo yakifungwa nyuma yake.

Katika nyumba ya mwisho alimkuta Bibi Chausiku binti Rehani, mjane ambaye macho yake yalikuwa yamefifia.

"Unapaka nini hapo, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Ni namba tu, wanahesabu watu."

Bibi akamshukuru, akampa muhogo wa kuchemsha, na marehemu akaula palepale, amesimama.

Majirani walimwambia Bibi Chausiku ukweli, kwamba nyumba zenye alama zitahamwa na kuchomwa, naye akawajibu kwamba fundi mwenyewe amesema ni namba, hivyo Jumatano malori yalipokuja hakuwa amefunga mzigo wowote, alijifungia ndani, na nyumba zilipotiwa moto ili watu wasirudi, hakuna aliyefungua mlango ule kutazama. Jioni, katika kijiji kipya, watu walihesabiwa, akapungua mmoja.

Marehemu hakushika brashi karibu miaka miwili. Alilima, alibeba magunia stendi. Mwezi Juni 1976 alikwenda Kwa Sadala kwa miguu, akarudi na masizi na udongo wa zile kuta, akavikoroga kwa uji wa muhogo, akatandaza gunia la katani ukutani na kuanza kupaka kwa vidole, na kilichotokea ni nyumba moja, nzito, nyeusi kwa nyekundu, pasipo mtu, ikimtazama anayeitazama. Mama Josefina alipoiona alitoka nje. Marehemu alimfuata, akamwambia kwamba hii hakuiona popote, hii imetoka kwake, na kwamba atazichora zote arobaini na moja.

"Utatuletea watu mlangoni," alisema mama.

Watu walikuja. Mwezi Machi 1977 wanaume wawili ambao hawakutaja majina walichukua magunia kumi na moja ya nyumba alizokwisha kuchora, wakamwambia arudi kwenye mabango, na kwa wiki kadhaa gari lilisimama ng'ambo ya kibanda, likiwa na mtu ndani asiyeshuka. Marehemu alizichora upya zote kumi na moja, na mwaka 1978 akairudisha familia hapa Korogwe.

Tarehe 2 Septemba 1979 alikuja mzee Mbaruku, mtoto wa Bibi Chausiku, ambaye siku ya moto alikuwa kibaruani Tanga, akataka achorewe nyumba ya mama yake.

"Kwanza nisikilize," alisema marehemu. "Mimi ndiye niliyemwambia ni namba tu. Nilijua."

Hilaria, aliyekuwa akiandaa chai, aliogopa kuingia.

"Basi ichore," alisema mzee Mbaruku. "Mlango uwe wazi."

Aliichukua ilipokauka, na hakurudi tena.

Mwaka 1982 kifua kilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na Ijumaa tarehe 9 Machi 1984, saa kumi na moja alfajiri, akafariki hospitalini hapa Korogwe, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba na siku tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matanga, mafundi wenzake wa mabango, na ndugu Waislamu wa Handeni mliosaidia kuchimba kaburi. Na kwa wote wa Kwa Sadala, tunaomba radhi kwa niaba yake.

Tangazo la mwisho ni lake pia. Nyumba alizomaliza ni thelathini na tisa, mbili zilimshinda kwa sababu hakupata anayezikumbuka, nazo zilikuwa upande wa kisimani. Aliyepo hapa aliyewahi kuingia humo, amwone Hilaria kabla ya kuondoka, amweleze milango ilikaaje, maana ndiye atakayezimalizia, na rangi amekwisha kuikoroga.

Kasmiri, ndugu yetu, umekwisha kusema, sasa pumzika, na amani ikukute huko ulikotangulia.