Mama Subiri na Mwaka Mmoja Uliobaki

Bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kifungua mimba wa dereva wa lori na muuza mboga, akafuatiwa na wadogo watatu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni ya wasichana. Oktoba 1984 aliingia chuo kikuu kusomea hisabati. Mwaka wa kwanza haukuisha. Mei 1985 baba yake alifariki katika ajali ya lori, mama yake alikuwa tayari mtu wa kitandani, na wadogo wote watatu wakawa wanamtazama yeye. Alifunga sanduku lake. "Narudi mwakani," alimwambia mwenzake wa chumbani, na ndoo yake akaiacha palepale chini ya kitanda, aikute.

Alipata kibarua cha mwezi mmoja katika chumba cha simu cha hospitali, kumshikia nafasi opareta aliyekwenda kujifungua. Mwezi huo uliisha mwaka 2020, alipostaafu. Kila aliyepiga simu alimsikia akisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha," na ndiyo asili ya jina lake. Siku moja kwenye foleni ya duka alimwambia mtu, "Subiri kidogo," na daktari bingwa aliyekuwa nyuma yake akaruka: "Kumbe ndiye wewe! Miaka yote nakusikia, leo ndiyo nakuona!" Kwa mshahara wa chumba kile, mdogo wake wa kwanza alisoma akawa mhandisi, wa pili muuguzi, na kitindamimba mhasibu.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, ambaye alikuja kutengeneza waya mmoja akautengeneza wiki nzima. Walijaliwa binti mmoja, mama yetu. Fundi alitangulia mwaka 2011.

Oktoba 2021 marehemu alirudi chuoni, kusomea hisabati ileile. Karani wa usajili alimpokea vizuri.

"Shikamoo mama. Mwanao yuko wapi, mbona umekuja wewe?"

"Marahaba. Mwanangu yuko kazini. Anayesoma ni mimi."

"Aa... Basi hapa asaini mzazi."

"Yuko kaburini."

"Mlezi je?"

Kesho yake alikwenda na binti yake, ambaye ndiye aliyesaini kama mlezi. Karani akashangaa: "Lakini huyu si umemzaa wewe?" Marehemu akamjibu, "Ndiye anayenilisha. Unataka mlezi wa namna gani tena?" Nyumbani tulicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo akitaka kutoka alikuwa anamwomba mama ruhusa.

Jioni alikaa meza moja ya jikoni na mjukuu wake mdogo, kila mtu na daftari lake. Mjukuu alimuuliza, "Bibi, hizi hesabu zitakusaidia nini?" Akasema, "Hakuna. Nazipenda tu. Wewe kila unachokipenda kinakusaidia?"

Kiinua mgongo chake kililipa ada ya miaka miwili, kikakata. Ukabaki mwaka mmoja. Alikwenda ofisi ya mikopo, akaambiwa umri umepita. Alikwenda kwenye mfuko wa kuwasomesha wanawake, akaambiwa ni wa mabinti. Chama cha wafanyakazi kilisema kinasaidia watoto wa wanachama, si wanachama. Kila mlango ulifunguliwa na mtu mpole, na ukafungwa kwa upole uleule. Alipowaita wadogo zake, mhandisi alimtania, "Dada, ukimaliza utaajiriwa na nani? Malaika?" Wote walicheka. Naye alicheka. "Malaika nao wanahitaji mtu wa kuwahesabia," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Hata hivyo muuguzi alimfungulia kundi la simu lililoitwa Tumalizie Dada, na Mama Subiri mwenyewe akafanywa kiongozi. Watu wengi waliingia. Waliandika "Tuko pamoja" na kuweka vile vimikono vya dua. Waliotoa pesa ni wawili tu, mama yetu na mfagiaji wa wodi aliyefanya naye kazi.

Juni 2024 alizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa sababu ya ada. Hakurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka wenzake walipotoka, akamwomba kijana mmoja amsomee maswali, akayafanya yote palepale juu ya goti. Kijana alimwambia, "Mama, ungefaulu." Alituhadithia hilo mara moja tu.

Alikuwa na shinikizo la damu. Baada ya kuzuiwa mtihani ule wa Juni, dawa alianza kuzikata nusu, na sisi hatukujua. Tarehe 28 Agosti aliandika kwenye kundi: "Wapendwa, hamjambo? Nakumbusha tu kwa heshima, usajili unafungwa Ijumaa." Kila mtu aliusoma ujumbe huo. Hakuna aliyejibu. Jumatatu iliyofuata alianguka jikoni, na tarehe 9 Septemba 2024 alifariki katika hospitali aliyoitumikia.

Usiku huo jina la kundi lilibadilishwa likawa Msiba wa Dada Yetu. Hakukuwa na haja ya kufungua jipya, watu walikuwa humohumo. Michango ilianza kuingia chini ya ujumbe wake wa mwisho, na kabla ya jua la siku ya pili kutua ilikuwa imetimia: jeneza, mahema, mabasi, na kijitabu hiki cha rangi mlichoshika. Mweka hazina anasema kilichobaki kinakaribia ada ya mwaka mmoja. Mjukuu yule mdogo alimuuliza mama yetu, "Kwani hizi pesa zilikuwa wapi?"

Familia inawashukuru wote mliochanga.

Marehemu ameacha wadogo watatu, wote wasomi, wajukuu wawili, na binti mmoja, ambaye kwenye kumbukumbu za chuo bado ni mlezi wake. Na kiongozi wa kundi bado ni marehemu mwenyewe.

Mama Subiri apumzike kwa amani, mahali ambapo hatasubirishwa tena.