Mkanda Uliokatika Hedaru

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, na jikoni punguzeni kidogo kelele za sufuria. Leo namkumbuka mtu niliyemkasirikia. Mzee Eliufoo wa Suji amefariki. Tumemzika juzi, huko huko Suji.

Vijana hamtamjua. Miaka ya Ujamaa, gari la sinema lilipozunguka vijiji vya Same, yeye ndiye aliyekuwa mfafanuzi. Picha zilikuwa za Kiingereza, nasi Kiingereza tungekitoa wapi? Eliufoo alisimama kando ya shuka jeupe, kipaza sauti mkononi, akatusimulia kwa Kiswahili, na Chasu kidogo, Kipare chetu, kwa ajili ya bibi zetu. Jambazi akitokea, yeye ndiye wa kwanza kumgombeza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma!

Mwaka 1974 gari lilifika Hedaru. Nilikuwa na miaka minane. Kaka yangu Athumani, wa miaka kumi na minne, alikuwa amedandia lori la mkonge miezi mitatu kabla. Hakurudi. Mchana ule mama yangu, Bi Kuluthumu, aliwafuata watu wa gari. Nyie mnafika kila mahali, aliwaambia, hamjamwona mtoto ana kovu juu ya jicho la kushoto? Hawakuwa wamemwona.

Jioni mama akakaa mbele kabisa. Kumbe picha yenyewe ilimhusu mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea. Mama yangu hata kupepesa macho hakupepesa. Ilipokaribia mwisho, shuka likabaki jeupe.

"Samahani jamani, mkanda umekatika," akasema Eliufoo. "Lakini msiwe na wasiwasi, mwisho naujua. Anampata!"

Vigelegele! Mama alilia njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo, kila mlo, alimwekea Athumani sahani yake, akaifunika kwa kawa. Kila mlo, miaka ishirini na sita, mpaka alipofariki. Athumani hakurudi.

Mwaka jana niliikuta picha ile Dar es Salaam, kwa mtu anayetunza sinema za zamani. Nikaitazama yote. Wasikilizaji, yule mama hampati mwanawe. Hampati! Anakaa ukingoni mwa mto, picha inaisha. Damu ilinichemka, nikatafuta namba ya mzee.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni binti wa Bi Kuluthumu, mama yake Athumani. Ule mkanda wa Hedaru ulikatika kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Haukukatika. Nilimwambia Method, fundi wetu wa sinema, azime mashine. Mama yako alikuwa pale mbele ananitazama mimi, hatazami shuka. Ningemwambia nini?"

"Ulimdanganya. Alisubiri mpaka akafa."

Akaniomba aje hapa studio, ana jambo la kunieleza. Nikamjibu kipindi kimejaa. Mwongo mimi. Kipindi hakikujaa.

Juzi, baada ya mazishi, bintiye Rosemary alinivuta pembeni.

"Dada Mwanaidi, baba alitaka ujue kitu kimoja. Tangu siku ile ya Hedaru, hakufunga sinema hata moja bila kutoa tangazo. Kihurio, mashamba ya mkonge, kote. 'Athumani Isihaka wa Hedaru, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, mama yako anakutafuta.' Miaka kumi na mmoja, mpaka gari lilipokufa. Sisi wanawe tulilijua tangazo hilo kwa moyo kabla hatujajua kuandika."

Jamani, nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Mwaka mzima nimemnunia mtu aliyekuwa akimtafuta kaka yangu. Naona aibu, na ninaisema hapa mnisikie.

Rosemary, Mzee Method, na ukoo wote kule Suji, poleni sana. Mungu awape nguvu, na marehemu ampumzishe pema. Nanyi wasikilizaji, kama kuna mtu anaomba kukueleza jambo, na wewe umenuna, msikilize angali hai. Mimi nimechelewa.

Mzee Eliufoo, leo kipindi kina nafasi. Tangazo lako nalisoma mimi.

Athumani Isihaka wa Hedaru, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Mama hayupo tena. Sahani yako ninayo mimi, na kawa lake. Njoo, kaka.