Kura Moja ya Dale

Benchi la mbele ya duka la misumari pale Harlan Creek, Missouri, halijawahi kukosa la kusema, ila asubuhi ile lilikuwa linafuka. Dale Stroud, mwenzao wa benchi kwa miaka thelathini, alikuwa ameukosa usherifu jana kwa kura moja katika mchujo wa Republican, kura ya kumteua mgombea wa chama. Kwa kuwa Wademokrat hawakusimamisha mtu, aliyeshinda mchujo ndiye sherifu, ndiyo basi tena. Verlin, mstaafu wa mgodini, alikaa pembeni na chupa ya kahawa.

— Tumeingiliwa, akasema Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku. Mchujo wa wazi ni mlango usio na komeo. Mtu anaingia tu, anaomba karatasi ya kura ya chama chochote!

— Wademokrat hao, akadakia mwenzao waliyemwita Trekta. Wamevuka chama makusudi wamwangushe Dale. Wameletwa na basi, nimeliona kwa macho yangu.

— Lile la kanisa? akauliza Jaji. Si wazee walikuwa wanakwenda kula kambare?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo haiingii hapo, bwana.

— Mchujo ukiwa wazi, kila kitu kinaingia.

— Basi wafunge! Kila mtu akae na chama chake, asivuke. Au unasemaje, Verlin?

Verlin akanywa kahawa yake, ikamchoma. Jana kwenye meza ya kupigia kura, Opal, karani wa kura, alimuuliza kwa sauti, kama anavyouliza kila mtu: "Karatasi ya chama gani?" Nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni nyuma ya Verlin. Mdomo ukajibu wenyewe jibu la miaka arobaini, jibu la marehemu baba yake: "Democrat." Alipomkumbuka Dale, karatasi ilikuwa tayari mkononi, na haya ikamzuia kuirudisha. Jina la Dale halikuwemo; lilikuwa kwenye ile ya Republican.

— Nasema hewa nzito leo, akajibu.

Hapo Dale mwenyewe akafika, macho mekundu, kikombe mkononi, akajibana kati yao.

— Acheni kuwatukana majirani, jamani. Wademokrat waliovuka walivuka kwa ajili yangu. Mchungaji, yule mwalimu, hata mama wa posta. Wamenipigia simu mmoja mmoja.

Jaji akakohoa. Trekta akatazama viatu vyake.

— Ila hiyo moja ndiyo inanisumbua. Ningeipata, tungekuwa sare. Verlin, ndugu yangu, we ulichukua karatasi ipi?

Verlin akainamisha chupa juu ya kikombe cha Dale. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akaendelea kuiinamisha.