Mama Aliyeuuliza Mvuke: Maisha ya Damari Nasimiyu Khaemba

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa laini zote za nyumba za wafanyakazi wa shamba hili, na ninyi mliopanda mlima wa Eburru leo asubuhi kutoka Gilgil, Naivasha na Nakuru, familia imenituma mimi, Zakaria Khaemba, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza nawaomba mnivumilie mkiniona nina furaha kuliko inavyompasa mtu aliyesimama kando ya jeneza, kwa kuwa kila nilipoketi kuandika habari za mama huyu nilijikuta nacheka peke yangu, nami nilipomwuliza kaka yangu Yakobo, mume wake, kama niyaondoe yale ya kuchekesha, alisema nikiyaondoa nitakuwa nasoma habari za mtu mwingine.

Damari Nasimiyu alizaliwa karibu na Kimilili mwaka wa 1917, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Barasa na mama Rael, na siku yenyewe haikuandikwa popote, ila tunajua ilikuwa kiangazi, kwa sababu kwetu msichana wa kiangazi huitwa Nasimiyu. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajajua kutembea vizuri, akinyoosha kidole tu, na asipojibiwa anakinyoosha tena karibu zaidi na pua yako.

Alisoma katika shule ya misheni ya huko nyumbani kuanzia mwaka wa 1926 hadi 1930, akajua kusoma, kuandika, kushona na hesabu za kutosha, na siku moja alimwuliza mwalimu kivuli cha mti kinakwenda wapi saa sita, akauliza tena, mpaka mwalimu akamtoa nje asimame juani kama adhabu, naye alirudi nyumbani akiwa na furaha tele, akimwambia mama yake kwamba mwalimu ni mtu mwema sana, amempa ruhusa ya kukitazama kivuli mpaka mwisho.

Mwaka wa 1934 alikuja Nakuru kukaa kwa mjomba wake aliyefanya kazi ya reli, na kila mchana alimpelekea chakula stesheni, na hapo ndipo alipomwona kijana mrefu akitembea kando ya treni ya mizigo iliyosimama, akigonga kila gurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu, kisha akiinamisha kichwa. Watu wa Nakuru walimwona kijana yule kila siku na hakuna aliyejishughulisha naye, lakini Damari aliweka sufuria ya mjomba chini, akamfuata mabehewa matatu, akamwuliza, "Kaka, haya magurudumu yamekukosea nini?" Yakobo, maana ndiye huyo, alijibu bila kugeuka, "Nayauliza kama ni mazima." Damari akasema, "Na yanakujibu?" Basi Yakobo, kinyume na sheria zote za kazi, akampa nyundo, akamwonyesha gurudumu zima linaloimba, na lingine lenye ufa linalotoa sauti ya chungu kilichovunjika, na mjomba siku hiyo alikula chakula baridi. Walifunga ndoa Nakuru tarehe 15 Agosti 1936, na Yakobo husema hadi leo kwamba alikuwa amefanya kazi ile miaka minne na hakuna mtu mwingine, hata mama yetu mzazi, aliyewahi kumwuliza anasikia nini.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Khisa aliyezaliwa mwaka wa 1938, ambaye sasa ni seremala mjini Nakuru, Nafula aliyezaliwa mwaka wa 1942, ambaye ameolewa Molo, na Zeddy aliyezaliwa mwaka wa 1947, ambaye bado yuko shule. Katika nyumba yao ya landhi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja tu, ugali uliungua mara nyingi, kwa sababu mama alikuwa mlangoni akimwuliza mpita njia hicho alichobeba kinaitwaje kwa lugha yao, lakini hakuna mtoto aliyefukuzwa kwa kuuliza jambo, na Khisa anasema baba yake alipotoka kazini aliulizwa maswali mengi hivi kwamba majirani walidhani kila jioni kuna ugomvi.

Mwaka wa 1949 masikio ya Yakobo yalianza kufa, la kushoto likafa kabisa, na reli haiwezi kumweka mgonga magurudumu asiyesikia vizuri, kwa hiyo walihamia hapa Eburru, mama akachuma maua ya pareto, na Yakobo akapewa kazi ya kurekebisha ua na mabanda. Ninyi wa hapa mnajua, lakini wageni wetu huenda hawajui, kwamba mlima huu hauna mto wala kisima, maji yaliletwa na lori kutoka Gilgil, na lori lilipoharibika tulilala na midomo mikavu, huku chini ya miguu yetu ardhi inapumua mvuke mchana na usiku kupitia nyufa zake.

Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa mama Wamuyu, aliyesumbuliwa na magoti, na jioni alitandaza blanketi juu ya ufa mmoja wa mvuke, akaketi hapo ajipashe moto, na Damari aliyekaa naye akaona kwamba blanketi hurudi nyumbani limelowa hata siku isiyo na umande, akataka kujua ni nani analilowesha. Wamuyu alicheka akamwambia, "Dada, wewe utauliza mpaka mvuke wenyewe ukujibu." Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, familia ya Wamuyu ilipakiwa kwenye lori pamoja na wengine wengi, na Damari alilikimbilia lori akimwuliza askari wanapelekwa wapi, naye akajibiwa, "Mama, nyamaza, usije ukapanda na wewe." Hakunyamaza, aliuliza Gilgil, akauliza Naivasha, akauliza hata makarani, mpaka baadhi ya majirani wakaanza kumkwepa, na mimi siwalaumu, kwa maana miaka ile swali lilikuwa kitu cha hatari, na mwenye kuuliza sana hukujua anamwulizia nani.

Mwezi wa Januari 1956 mwenye shamba alitangaza kwamba hawezi tena kuleta maji, na kwamba laini ya juu itafungwa mwisho wa Machi, kila familia itafute pa kwenda, na tangazo hilo liliwaogopesha Yakobo na Damari kuliko wengine, kwani ni nani angemwajiri mtu mwenye sikio moja, na katika siku zile za vibali vya kusafiria wangepita njia gani. Watu walianza kufunga mizigo, naye Damari akalikumbuka blanketi la Wamuyu.

Alianza na chungu, kikapasuka kwa joto, akaweka bati juu ya ufa, likatoa matone yenye kutu na harufu ya mayai mabovu, akamwuliza fundi aliyefanya kazi na Yakobo, akamwuliza dereva wa lori kwa nini kifuniko cha rejeta kinatoa jasho, na kila alipouliza alijua kidogo zaidi ya jana. Yakobo akamwokotea mabomba mabovu ya shamba, wakayaunga kwa matope na magunia, wakayainua juu ya miti mahali penye upepo mkali, ili mvuke usafiri mbali upate kupoa, na mwisho wa bomba wakatega pipa.

Sasa nawauliza, ufa wa moto, bomba refu, pipa, na mama anayeinama hapo akionja, mngedhani nini? Mzee Kiprugut, nyapara wetu wakati huo, ambaye yuko hapa mbele na amenipa ruhusa ya kulisema, alidhani lile lile, akapeleka habari kwamba Mama Khisa anapika pombe ya chang'aa mchana kweupe, na kanisa likamsimamisha ushirika kabla halijamsikiliza, na askari wawili wakaja. Damari aliwachotea kikombe, akawaambia, "Kunyweni polepole, bado ya moto." Askari wa kwanza alimeza, akangoja koo liungue, hakuna kitu, akamwambia mwenzake, "Hii ni maji, bwana." Kiprugut akasema, "Onja tena, pengine haijaiva!" Wakaonja wote, wakamaliza kikombe, wakaomba kingine kwa sababu walikuwa wamepanda mlima kwa miguu, na Mzee Kiprugut, ambaye tunamheshimu sana kwa jambo hili, ndiye aliyeshuka mwenyewe kwenda kumwita mwenye shamba, na ndiye aliyesimama kanisani Jumapili iliyofuata akaomba mama arudishiwe ushirika.

Lakini tone si maji ya kutosha laini nzima, na Machi ilikuwa inakwisha. Mwenye shamba alitazama, akatoa mabomba mazuri, akasema pipa lijae kabla ya mwisho wa mwezi ndipo atakapoamua, na siku ya mwisho laini yote haikwenda kulala mapema, watu wamezunguka, wanasikiliza tap, tap, tap, mpaka Yakobo akaleta ile nyundo yake ya reli, aliyopewa na wenzake siku ya kuagana, akaligonga pipa kutoka chini kwenda juu, ameinamisha sikio lake la kulia, na kila mahali alipopita palitoa sauti nzito ya kitu kilichojaa, akafika mdomoni, akanyoosha mgongo, akamwambia mkewe mbele ya watu wote, "Ni zima." Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza shangwe, na sijapata hata kimoja chenye sauti iliyotoka mlimani hapa siku hiyo. Laini haikufungwa, na leo kuna mapipa saba.

Tangu mwaka wa 1957 marehemu alianza kuishiwa na pumzi akipanda mlima, na miguu ikamvimba, na tarehe 22 Septemba mwaka huu alilazwa hospitali mjini Nakuru, ambako daktari aligundua ugonjwa wa moyo. Daktari alipokuwa akimpima, mama aliomba naye asikie, na daktari yule, Mungu ambariki, akamtia masikioni ule mpira wa kusikilizia, na mama akasikiliza moyo wake muda mrefu, macho yamefumbwa, kisha akamwita Yakobo aweke sikio lake zuri, akamwuliza, "Unasikia?" Yakobo akasikia, na mama ndiye aliyesema, bila woga, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya, "Gurudumu hili lina ufa." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Novemba 1959, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliojibu maswali yake yote, wafanyakazi wenzake wa pareto, marafiki wa reli waliotuletea jeneza kwa treni hadi Gilgil, Mzee Kiprugut aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na majirani wote. Tuna ombi moja pia, na ni lake, aliliacha wiki iliyopita: ikiwa kuna mtu hapa anayejua Wamuyu wa laini ya juu alipelekwa wapi, au kama amekwisha kurudi, amwambie Yakobo, ili Wamuyu ajue kwamba mvuke ulijibu.

Baada ya maziko msiondoke, mtapata chai, Yakobo aliyagonga mapipa asubuhi hii na yote yamejaa.

Pumzika kwa amani, Damari, ingawa sisi tunaokujua tunaamini kwamba utauliza kwanza, ndipo upumzike.