Bi Mwanatumu Anakwenda Kuwasha Tanuri Majoreni

Leo, tarehe 31 Desemba 1957, Bi Mwanatumu binti Alfani anauweka mwiko chini baada ya miaka kumi na tisa katika jiko la bweni letu hapa Msambweni. Nimepewa mimi kazi ya kuandika habari zake, nami nimeziandika kwa hofu. Sababu mtaisikia.

Bi Mwanatumu ni mwoga, jamani, na mwenyewe hakatai. Anauogopa moto. Kila jioni aliyamwagia majivu maji, akayapapasa kwa kiganja, akatoka, akarudi, akapapasa tena. Siku ya harusi ya binti yake aliwaacha wageni na masinia ya pilau, akaja mbio kutazama mafiga. Mwalimu mkuu naye aliwahi kukisahau kiko chake dirishani kikifuka moshi. Aliporudi alikikuta kimemwagiwa kopo zima la maji, tumbaku inaelea. Alikasirika, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Majirani walimwita mchoyo. Kwetu jirani hanyimwi moto. Ukija na kifuu chako unatiliwa kaa, unakwenda zako. Bi Mwanatumu hakumtilia mtu kaa hata siku moja. Alitoa kibiriti alichokinunua mwenyewe, akampa mwombaji, akafunga mlango.

Mwaka 1937 alikuwa mke kijana kule Majoreni. Asubuhi moja ya upepo wa kaskazi aliomba kaa kwa jirani, akalibeba kwenye kifuu bila ya kulifunika. Cheche ikarukia makuti. Nyumba tatu ziliteketea. Watu walisalimika, alhamdulillahi, lakini nguo, mbuzi na mahindi ya mwaka mzima vilikwisha. Mumewe alimwacha. Alikuja Msambweni na mtoto mgongoni, akaomba kazi ya jikoni, maana hakujua kazi nyingine ila hiyo hiyo iliyomtia hofu.

Na sasa tazameni mambo! Kiinua mgongo chake amekinunulia mabati. Amejenga tanuri la mikate ya mofa huko huko Majoreni: kuta za mawe, paa la bati, mapipa mawili ya maji mlangoni, mbali na makuti ya watu. Wavuvi hutoka alfajiri na njaa, kwa hiyo wanunuzi wapo. Keshokutwa anawasha. Ameniambia hali wala halali; anaogopa kwamba Majoreni hakuna atakayekula kilichopikwa kwa moto wa mkono wake.

Bi Mwanatumu, niwie radhi kwa nitakayoyasema mbele za watu. Miaka minane nimekata vitunguu kando yako, sikuthubutu. Katika nyumba zile, moja ilikuwa ya mama yangu. Nilikuwa na miaka saba, nikatolewa ndani nakohoa moshi. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba ukijua, utaondoka na hapa pia.

Wiki iliyopita nilimwuliza mama kama atakula mkate wako. Alisema kwamba yeye bado anaogopa, na kwa hivyo mkate wa mtu asiyeogopa moto haumpendezi. Keshokutwa atakuwa mlangoni pako kabla ya wavuvi.

Ahsante kwa miaka yote, Bi Mwanatumu. Nenda salama, Mwenyezi Mungu akujaalie maisha mema na mauzo yenye baraka.

Mishi Sefu, mpishi msaidizi