Mafuta Siku ya Kliniki

Mama mmoja wa Mwamkulu ana baka la kuwasha shingoni, na mawifi zake hawataki tena kula naye sahani moja. Daktari wa ngozi huja mjini mara moja kwa mwezi, na leo amemrudisha bila kumpima.

Kwenye bajaji tuliyopanda pamoja alimweleza abiria mwenzetu, muuza vitenge wa Majengo: “Alitaka kukwangua ngozi kavu akapime, na mimi nimejipaka mafuta.”

“Dada, si mliambiwa msipake?”

“Tuliambiwa. Wewe ungeenda kwa daktari umepauka kama tofali?”

“Ningeenda!”

Nilitazama miguu ya muuza vitenge inavyong’aa kwa mafuta.

“Muongo wewe!” mama akamwambia.

Bajaji ikasimama. Mama akashuka akihesabu hasara kwa vidole: “Siku nzima ya palizi, nauli ya kwenda na kurudi, na mwezi mwingine wa kula peke yangu.”